Sindano iliugua, kompyuta ikasingiziwa: kisa cha mashine ya kushoto

DJ alikuwa na mashine mbili za santuri, mikisa (chombo cha kuchanganyia sauti), kadi ya sauti, na kompyuta mpakato iliyobeba nyimbo zake zote. Juu ya mashine hakukuwa na santuri za muziki bali santuri za msimbo, zile ambazo ukizisikiliza moja kwa moja zinatoa mlio mmoja tu wa kuchosha. Programu ndiyo inayousoma mlio huo, na kupitia mlio huo mkono wako unaendesha faili la wimbo lililo ndani ya kompyuta.

Mchana, wakati wa kujaribu vyombo, mambo yalikuwa shwari. Usiku ukumbi ulipojaa na sauti ikapandishwa, mashine ya kushoto ikaanza vituko. Sauti za waimbaji zilitetemeka. Kinanda kikishikilia noti ndefu, noti inayumba, inapanda kidogo na kushuka kidogo. Besi ikiingia, kuyumba kunazidi. Tena mara kadhaa wimbo uliruka ghafla, wachezaji wakapoteana miguu. Mashine ya kulia wakati wote huo haikuwa na neno.

"Fundi, hii laptopu imefika mwisho wake," ndiyo kauli niliyopokelewa nayo.

Haikuwa imefika popote. Ila naelewa kwa nini kila mtu pale alikuwa anaiangalia kompyuta.

Bafa iliyoongezwa bure

Kabla sijafika walikuwa wameshaongeza bafa. Kadi ya sauti haipeleki sampuli (vipande vidogo sana vya sauti) mojamoja. Inazikusanya kwa mafungu, na ukubwa wa fungu ndio bafa yenyewe. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, fungu la sampuli 512 ni kama milisekunde 11.6, na la 1,024 linapita milisekunde 23. Walipanda hadi 1,024. Kuyumba kukabaki vilevile, na juu yake DJ akaanza kulalamika kwamba santuri imekuwa nzito mkononi: anasukuma, sauti inakuja baadaye. Ndivyo inavyokuwa, kwa sababu msimbo unaingia kupitia bafa na muziki unatoka kupitia bafa, kwa hiyo ucheleweshaji unaulipa mara mbili.

Kompyuta iliyoelemewa ina dalili zake. Sauti inakatika, inatoa vipasuko, na inafanya hivyo kwa nyimbo zote zinazopita humo, za kushoto na za kulia. Haichagui upande. Na kwa kawaida haipandishi wala kushusha noti. Noti ikiyumba, maana yake programu inaamini kwamba kasi ya santuri inabadilika, na programu haina njia yoyote ya kuijua kasi hiyo isipokuwa kwa kuambiwa na sindano.

Kwa hiyo ushahidi wa kuiondolea kompyuta lawama ulikuwa umeshapatikana kabla ya mtu yeyote kufungua menyu: ni mashine moja tu, na ni kuyumba, si kukatika. Nilirudisha bafa ilikokuwa. Kisha nikamwomba DJ aiweke mashine ya kushoto kwenye modi ya ndani, ambapo programu inaacha kabisa kuisikiliza santuri na wimbo unaendeshwa kwa vitufe vya kompyuta. Kuyumba kukakoma hapo hapo. Onyesho likaendelea, huku mimi nikiwa na nafasi ya kuichunguza mashine bila mtu ukumbini kujua kuna kazi inafanyika.

Duara kwenye skrini

Lazima nieleze kidogo kilichochongwa kwenye santuri hizi, maana bila hicho hatua zinazofuata zitaonekana kama ramli.

Santuri za Serato (Serato na Traktor ni programu za DJ) zina mlio wa 1,000 Hz, yaani mawimbi 1,000 kwa sekunde, zinapozunguka mara 33⅓ kwa dakika. Za Traktor zilianza na 2,000 Hz, na toleo lake la pili likaenda 2,500. Final Scratch, mfumo uliobuniwa na N2IT ya Uholanzi na kuuzwa na Stanton mwanzoni mwa miaka ya 2000, ulitumia 1,200. Kanuni ni ileile kote. Ukisogeza slaida ya pichi, ile inayobadili kasi ya mashine, hadi +4%, mlio wa 1,000 unakuwa 1,040, na programu inauharakisha wimbo kwa kiwango hicho. Ukishika santuri, mlio unakufa na wimbo unasimama.

Mwelekeo unapatikana kwa ujanja ninaoupenda sana. Chaneli ya kushoto na ya kulia zina mlio mmoja, lakini moja imetangulia nyingine kwa robo ya wimbi. Programu inatazama tu ni ipi inayotangulia. Ukiizungusha santuri kinyume, aliyekuwa mbele anakuwa nyuma, na wimbo unarudi kinyumenyume. (Ndiyo maana ukichanganya nyaya za kushoto na kulia, wimbo unacheza kinyume ilhali santuri inazunguka sawasawa. Ukikutana na hilo usiguse programu. Nenda kwenye nyaya.)

Cha tatu ni mahali sindano ilipo. Hicho kimefichwa kwenye ukubwa wa mawimbi: hili limekuzwa kidogo, lile limepunguzwa kidogo, na hizo ndizo 0 na 1 zinazoiambia programu kwamba sasa tupo dakika ya ngapi ya santuri.

Programu nyingi huyachora haya yote kwa picha moja. Chaneli moja inapewa mhimili wa kulala, nyingine wa kusimama, na kwa kuwa zinapishana kwa robo ya wimbi, picha inakuwa duara. Watu wengi huliona duara hilo siku ya kufunga mfumo na hawalirudii tena, wakati ndilo chombo bora cha kupimia kuliko vyote walivyo navyo. Duara dogo mno: swichi ya kadi iko kwenye laini (kiingilio cha ishara kubwa) badala ya fono (kiingilio kinachoikuza ishara ndogo ya sindano), na sindano inatoa milivolti chache tu. Duara lenye pembe, linaloelekea kuwa mraba: ishara ni kubwa kupita kiasi, mara nyingi kwa sababu mashine ina kikuza sauti chake ndani na bado imeingizwa kwenye fono. Mstari mnyoofu badala ya duara: chaneli moja imekufa. Duara nene lenye ukungu: kuna kelele.

Upande wa kulia niliona duara jembamba, safi, na namba ya kasi imetulia kwenye 0.0. Upande wa kushoto palikuwa na kitu kama yai lililobonyezwa, lenye ukungu, na kila kiki, lile pigo la ngoma kubwa, ilipopigwa lilisinyaa na kufumuka. Namba ya kasi ilikuwa inacheza juu na chini ya sifuri, chini ya asilimia moja kila upande. Inaonekana ndogo, lakini sikio la mwanadamu ni kali kwa noti inayoshikiliwa. Ngoma tupu zingeweza kupita hivyo na pengine nusu ya ukumbi isingegundua. Sauti ya mwimbaji na kinanda havisamehe.

Yai na ukungu ni dalili mbili tofauti. Hilo ndilo lililonifanya nishuku tangu mwanzo kwamba natafuta makosa mawili.

Kubadilishana mpaka kosa lihame

Njia ya kutafuta ni ya kale: hamisha kitu kimoja, tazama kama ugonjwa umehama nacho.

Kwanza nilivuta subira nikisubiri wimbo wa kulia uishe, kisha nikabadilisha nyaya nyuma ya kadi, ya kushoto ikaingia kulia na ya kulia kushoto. Yai likahama. Kwa hiyo matundu ya kadi ni mazima, na programu nayo ni nzima. Nikarudisha.

Pili nilibadilisha vichwa vya mikono, ile mikono ya mashine inayobeba sindano. Kwenye mashine nyingi za DJ kichwa kinachobeba katriji (kifaa kidogo chenye sindano) kinafunguliwa kwa kuzungusha pete moja ndogo, na cha mashine hii kinaingia kwenye mashine ile bila taabu. Yai likahama tena, safari hii likaenda mashine ya kulia. Mkono wa kushoto na waya wake vimepona. Kosa limo kwenye kitu kinachoenea kwenye kiganja: kichwa, katriji, ncha ya sindano, na nyaya nne.

Lakini angalia kilichobaki nyuma. Mashine ya kushoto, ikiwa na kichwa kizima cha kulia, sasa ilichora duara la mviringo mzuri, ila ukungu haukuondoka. Ukungu haukuhama na kichwa. Ukungu ulikuwa wa pale pale kushoto.

Nianze na kichwa. Ukikigeuza chini juu unaona nyaya nne nyembamba zinazounganisha katriji na kichwa: nyeupe ni chanya ya kushoto, bluu ni hasi ya kushoto, nyekundu ni chanya ya kulia, kijani ni hasi ya kulia. Kila moja inaishia kwa kibanio kidogo cha shaba kinachovaa kipini cha katriji. Niliigusa kila moja kwa kibano, polepole, nikitazama skrini. Nyekundu, kijani, bluu: hakuna kitu. Nilipoigusa nyeupe, picha ikaruka kutoka yai hadi duara kamili, nikaiachia ikarudi yai. Kibanio kilikuwa kimepanuka, kimevaa kipini lakini hakikishiki. Mashine ikiwa imetulia kinagusa vya kutosha; ikitikiswa kinagusa na kuachia. Ndiyo sababu mchana hakuna aliyeona kitu: sauti ilikuwa ya chini na sakafu haikuwa na watu.

Nilikiondoa, nikakibana kidogo kwa koleo la ncha nyembamba huku kijiti cha meno kikiwa ndani yake ili kisifunge kabisa, nikakirudisha. Nikasafisha pia vipini vinne vya nyuma ya kichwa kwa pamba yenye spiriti. Yai halikurudi.

Besi inayorudi bila kusikika

Sasa ukungu. Kuna mambo mawili yanayoweza kuleta ukungu wa aina hii, na yanatenganishwa kwa kunyanyua sindano. Ikiwa ni mvumo wa umeme, kwa mfano waya wa ethi wa mashine haujafungwa, kelele itaendelea hata sindano ikiwa hewani. Ikiwa ni mtikisiko, itakoma. Nilizima mota, nikaiacha sindano juu ya santuri iliyosimama, wimbo ukiendelea upande wa kulia. Santuri iliyosimama inapaswa kuchora nukta. Nilipata doa linalotetemeka kwa kufuata kiki. Nikanyanyua mkono: nukta, kimya. Basi ni mtikisiko.

Chanzo hakikuhitaji kutafutwa. Meza ilikuwa ya mbao nyepesi, tupu chini, na mashine ya kushoto ilikuwa upande wa subwufa iliyowekwa jukwaani palepale. Besi inapita sakafuni, inapanda miguu ya meza, inaingia kwenye mashine na kuitikisa sindano ndani ya mfereji wake. Na kiingilio cha fono kinaikuza zaidi: kwa kanuni ya RIAA (chama cha kampuni za kurekodi muziki cha Marekani) ya mwaka 1954, besi hupunguzwa santuri inapochongwa na kurudishwa inapochezwa, kwa hiyo kwenye 20 Hz fono inanyanyua takriban desibeli 20 zaidi ya inavyonyanyua 1,000 Hz.

Ugonjwa huu ni wa zamani kuliko kompyuta zetu. Technics SL-1200, iliyotoka 1972 na kupata slaida ya pichi kwenye toleo la MK2 la 1979, ilipewa kitako kizito chenye mpira kwa sababu hiyohiyo. Lakini kuna tofauti kubwa, na kwangu ndiyo kiini cha kisa hiki. Kwenye santuri ya muziki, mtikisiko unaoingia kwenye sindano unatoka kwenye spika, unarudi tena kwenye sindano, na mzunguko ukikaza unasikia mngurumo unaokua. DJ yeyote wa siku zile aliujua mngurumo huo na mkono wake ulienda moja kwa moja kwenye kitufe cha besi. Kwenye santuri ya msimbo, sauti ya sindano haifiki kwenye spika kamwe. Programu inaila na kutoa wimbo safi badala yake. Mtikisiko hauwezi kutoka kama mngurumo, unatoka kama kasi isiyotulia. Sikio linasubiri kelele, linapata noti inayoyumba, na kwa kuwa kilichotoa wimbo ni kompyuta, kompyuta inalaumiwa.

DJ mwenyewe ana uzoefu mwingi kuliko mimi kwenye santuri za muziki. Angeusikia mngurumo kabla yangu.

Kuruka kwa sekunde 1.8

Lilibaki suala la wimbo kuruka. Nililiuliza hivi: uliruka kiasi gani? Jibu lilikuwa "kidogo, kama sekunde mbili, mara nyingine zaidi." Hiyo ni namba yenye maana. Kwa mizunguko 33⅓ kwa dakika, mzunguko mmoja unachukua sekunde 1.8. Sindano ikirukia mfereji wa jirani, inatua sekunde 1.8 mbele au nyuma. Ikiruka miwili, 3.6. Kwa wimbo wa mapigo 100 kwa dakika, sekunde 1.8 ni mapigo matatu kamili. Mdundo hautoki nje ya mstari, lakini wewe uliyekuwa ukitarajia pigo la nne la hesabu unapewa la kwanza au la tatu, na ndipo miguu ilipopoteana.

Mruko huo unafika kwenye wimbo kwa sababu alikuwa anatumia modi ya absoluti, ambamo mahali pa sindano ndipo mahali pa wimbo. Mwenzake mmoja alikuwa ameshapendekeza modi ya relativu, ambamo programu inasoma kasi na mwelekeo tu na kupuuza mahali. Ni kweli kwamba kwa modi hiyo mruko usingesikika. Wanaokwaruza santuri kwa nguvu wanaitumia kila siku na wana haki. Lakini mimi sikuitaka iwe ya kwanza. Unapoteza uwezo wa kunyanyua sindano na kuishusha katikati ya wimbo, ambao huyu DJ anautumia sana. Alama uliyobandika kwenye lebo ya santuri inapoteza maana baada ya kila mruko. Na mbaya zaidi, sindano inaendelea kuruka bila wewe kujua, ikikwangua msimbo.

Kisha nikaona sarafu. Ilikuwa imebandikwa kwa selotepu juu ya kichwa cha kushoto, dawa ya zamani ya kuzuia sindano isiruke. Inazuia, kwa kuikandamiza sindano kuliko mtengenezaji wa katriji alivyoandika, na malipo yake ni ncha inayolika haraka na santuri ya msimbo inayochakaa mapema. Msimbo uliochakaa unasomeka vibaya kwanza kwenye biti za mahali, maana zenyewe ni tofauti ndogo za ukubwa wa mawimbi. Tuliitoa sarafu, nikausawazisha mkono upya kwa uzani wa nyuma, nikaweka gramu za juu ndani ya kiwango kilichoandikwa cha katriji ile, wala si zaidi.

Tulivyoacha

Usiku ule meza haikuweza kubadilishwa. Tulichofanya ni kuweka bamba zito la zege juu ya sponji, na mashine ya kushoto juu ya bamba. Sponji peke yake ingeyumba, bamba peke yake lingepitisha mtikisiko. Vikiwa pamoja besi inachoka kabla ya kufika. Doa lililokuwa linatetemeka likapungua sana, halikuisha.

Kilichobaki nilikishughulikia kwenye programu, kwa kizingiti cha kelele. Hicho ni kiwango ambacho chini yake programu inaichukulia ishara kuwa si msimbo. Unakiweka sindano ikiwa juu ya santuri iliyosimama na muziki wa ukumbi ukiwa juu, si chumbani kwenye kimya, la sivyo umepima kitu kisichokuwepo usiku. Kukipandisha kuna bei: santuri ikisukumwa taratibu sana, mlio wake nao unakuwa dhaifu, na programu inaweza kuupuuza pamoja na kelele. DJ alijaribu kuirudisha santuri kwa ncha ya kidole, akakubali kwamba anahisi tofauti kidogo, akasema ataivumilia.

Tukaitoa mashine ya kushoto kwenye modi ya ndani. Wimbo wa kwanza aliouweka ulikuwa wa sauti tupu na kinanda, kwa makusudi, na ulikaa.

Aliniuliza kama afadhali ahamie vile vitambuzi visivyotumia waya, vinavyowekwa juu ya santuri na kusoma mzunguko bila sindano kabisa. Kwa ukumbi wenye jukwaa kama lile ni wazo zuri, na shida zote mbili tulizozishughulikia zisingekuwepo. Badala yake angekuwa na betri za kukumbuka na mawasiliano ya redio ya kuyaamini katikati ya umati wenye simu. Alichagua kwanza kununua nyaya nne mpya za kichwa, ambazo ndizo kitu cha bei ndogo kuliko vyote mezani, na ncha mpya ya sindano kwa kuwa ile iliyokuwa chini ya sarafu ilionekana imelika upande mmoja.

Baadaye wenye ukumbi waliishusha subwufa kutoka jukwaani. Baada ya hapo kizingiti cha kelele kilirudishwa chini, na DJ akaishusha bafa hadi sampuli 256.